Orodha ya machapisho ya daktari wa mishipa ya fahamu: namna ya kuikusanya bila kumpa makala za mwenzake

Ombi huja hivi: daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu anaomba ufadhili au kupandishwa cheo, fomu inataka orodha kamili ya machapisho yake, na kazi inamwangukia mkutubi, katibu wa utafiti au daktari kijana aliye karibu. Kwa mtu mwenye makala sita ni kazi ya nusu saa. Kwa mwenye sitini, aliyeanzia hospitali za huku kusini mwa Tanzania, akaenda kusoma nje, akaingia kwenye makundi ya watafiti wa nchi nyingi, tenga siku mbili. Siku moja kati ya hizo itaishia kwenye hatua ya 4.

Kabla ya yote, shika hili: makala hutambuliwa kwa namba, si kwa jina la mtu. Namba ni PMID ya PubMed, hifadhidata ya makala za kitabibu, au DOI, namba ya kudumu ambayo jarida huipa makala. Kila kinachoingia kwenye orodha kiwe na mojawapo, na kisicho nayo kiwe na sababu.

Hatua ya 1: Chukua alichonacho mwenyewe

Omba wasifu wake wa zamani, hata kama una makosa. Usiusahihishe. Huo ni wa kuhakikia mwishoni kwamba hakuna kilichoachwa.

Kisha muulize mambo matatu na uyaandike kwenye karatasi moja: majina yote aliyowahi kuyatumia kwenye makala, vituo vyote vya kazi na miaka yake, na makundi ya utafiti aliyoshiriki. Mtu wa Mtwara anaweza kuwa na vituo vinne ndani ya miaka kumi: Ligula, Ndanda, Nyangao, halafu Muhimbili kwa masomo. Kila kituo kina tahajia zake kwenye anuani. Ligula peke yake utaikuta kama hospitali ya Ligula, kama hospitali ya mkoa, na kama hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara.

Hatua ya 2: ORCID

ORCID ni namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, hata majina yake yakitofautiana. Ni bure, na usajili unachukua dakika tano. Namba hizi zilianza kutolewa Oktoba 2012, zina tarakimu 16, na alama ya mwisho huweza kuwa herufi X. X hiyo si kosa la uchapaji, usiifute.

Mtafiti ajisajili mwenyewe, kwa barua pepe yake binafsi. Ya kazini ataipoteza siku ya uhamisho, na nenosiri likisahaulika ndipo mtakapoanza kutafutana. Asikupe nenosiri lake. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya kumteua mtu wa kuaminiwa, akikuteua hapo unahariri rekodi yake ukiwa kwenye akaunti yako.

Ukiiweka namba hiyo kwenye Excel, geuza safu iwe ya maandishi kwanza. Excel hutunza tarakimu 15 tu na hufuta sifuri za mwanzo. Chukua namba ya mfano inayotumiwa na ORCID wenyewe, 0000-0002-1825-0097. Iandike bila vistari kwenye safu ya kawaida, utabaki na 218250097. Namba nyingine yoyote ya tarakimu 16 isiyoanza na sifuri nayo hupoteza tarakimu ya mwisho, inageuka kuwa sifuri. Ugonjwa huohuo huzikumba namba za matoleo: toleo la "3-4" linageuzwa tarehe ya mwezi Machi au Aprili.

Hatua ya 3: Zotero, si Word

Hapa hakuna mjadala mrefu. Orodha iliyochapwa kwa mkono kwenye Word ikifika makala ishirini haisahihishiki tena: fomu ya kwanza inataka mtindo wa marejeo wa Vancouver, wenye jina la ukoo na herufi za mwanzo tu, ya pili inataka majina kamili, nawe unaanza upya. EndNote, programu ya kutunza marejeo, ni nzuri lakini ni ya kulipia. Zotero ni ya aina hiyohiyo lakini ni bure, ipo tangu 2006, na hufanya kazi hata mtandao ukikatika.

Isakinishe, kisha nenda kwenye mipangilio uzime kile kipengele cha kujiambatishia PDF kila unapohifadhi makala. Taarifa za makala ni maandishi matupu, hazili bando. PDF ndizo zinazolila. Ukisahau kuzima, GB mbili zitaondoka ukiwa bado kwenye mwaka 2012 wa wasifu wake.

Tengeneza mikusanyo mitatu: Hakika, Shaka, Si Zake. Huo wa tatu usiuone wa bure. Bila huo utaikataa makala ileile mara nne.

Hatua ya 4: Majina

Majarida ya kitabibu yanadhani kila mtu ana jina lake na jina la ukoo. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na mpangilio unategemea nani alijaza fomu siku hiyo.

Chukua majina matatu yaliyozoeleka: Saidi, Hamisi, Mohamedi, yakifuatana hivyo. Kwenye PubMed mtu mmoja mwenye majina hayo anaweza kuwa Mohamedi SH, hiyo ndiyo ya kawaida. Anaweza kuwa Mohamedi S, iwapo aliyetuma makala aliliacha jina la kati. Anaweza kuwa Saidi HM, kwa sababu mhariri alidhani jina linaloanza ndilo la ukoo. Na anaweza kuwa Hamisi Mohamedi S, pale majina mawili ya mwisho yalipochukuliwa kama ukoo mmoja. Zidisha hayo kwa tahajia: Mohamedi, Mohamed, Mohammed, Muhammad. Saidi, Said, Saïd. Hamisi, Khamis. Kwa wanawake ongeza jina la mume, ambalo mara nyingi linaanza kuonekana katikati ya orodha, makala za shahada zikiwa zimebaki na jina la zamani. Kwa majina yenye ng', jaribu yenye kiapostrofi na isiyo nayo.

Utafutaji wa kwanza uandike hivi, kwenye mstari mmoja:

(mohamedi s[au] OR mohamed sh[au] OR mohammed sh[au] OR saidi hm[au] OR hamisi mohamedi s[au]) AND (mtwara[ad] OR lindi[ad] OR ndanda[ad] OR nyangao[ad] OR ligula[ad])

Alama [au] inatafuta kwenye majina ya waandishi, [ad] inatafuta kwenye anuani za taasisi. AND na OR ziwe kwa herufi kubwa. Mabano usiyaache, kwa kuwa PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na bila mabano ile AND itakamata kitu ambacho hukukikusudia.

Angalia pia kwamba mohamedi s[au] italeta na SH, SA, SK, kila anayeanza na S. Kwa mara ya kwanza ndivyo unavyotaka. Baadaye ukitaka yule mwenye S peke yake, funga jina kwa alama za kunukuu: "mohamedi s"[au].

Sasa mtego wenyewe, ule unaokula saa nyingi kwa sababu matokeo yake yanaonekana mazuri. Utafutaji wa juu utakuletea makala kumi na tano safi, zote zake, na utafunga kompyuta ukiwa na furaha. Makala za kabla ya 2014 ambazo yeye hakuwa mwandishi wa kwanza hazitakuwemo. Kati ya 1988 na 2013 PubMed ilikuwa ikiweka anuani ya mwandishi wa kwanza tu. Daktari wa Masasi aliyekuwa wa tatu kwenye makala ya mwaka 2009 ana anuani ya bosi wake, labda ya Dar es Salaam, labda ya Uswidi. Neno Mtwara halimo popote kwenye rekodi hiyo. Ukiweka [ad] umemfuta.

Kwa hiyo tafuta mara mbili. Kuanzia 2014 tumia majina pamoja na anuani. Kabla ya hapo tumia majina peke yake, ukiweka kikomo cha miaka kwa 1988:2013[dp], kisha pitia kwa macho. Ndiyo, utapata mamia. Punguza kwa kuongeza mwandishi mwenza unayemjua: watu huandika na walewale kwa miaka. Chukua majina matano yanayojirudia kwenye makala za Hakika, uyaunganishe na OR, uyaweke mahali pa anuani.

Usitegemee kutafuta kwa jina kamili. Majina kamili yameingizwa kwenye PubMed kuanzia makala za 2002, na hata hapo ni pale tu jarida lilipoyachapisha.

Kuamua iliyo na shaka, pima mambo matatu: waandishi wenza, mahali, na mwaka. Mawili yakikubali, iweke Hakika. Moja, iweke Shaka. Mada isiwe kipimo. Bingwa wa neurolojia wa leo huenda alikuwa daktari wa wilaya aliyehesabu wagonjwa wa matende na mabusha Lindi, na makala hiyo ni yake kihalali. Kinyume chake, makala ya kifafa yenye Mohamedi S inaweza kuwa ya mtu ambaye hajawahi kuvuka mto Rufiji.

Makala za Shaka haziamuliwi na wewe. Mpelekee mwenyewe kwa WhatsApp, baada ya kliniki, kwa namna ambayo ataijibu akiwa amesimama:

"Shikamoo Dokta. Nimebakiwa na makala tisa ambazo sina uhakika nazo. Naomba ujibu tu 'yangu' au 'si yangu' mbele ya kila namba. Ahsante."

Chini yake weka namba, kichwa cha makala, jarida, mwaka. Usimtumie faili la Excel, hatalifungua. Usimwulize "zote ni zako?", maana atajibu ndiyo.

Ukipata zilizo hakika, ziteue kwenye PubMed, bonyeza "Send to", chagua "Citation manager", utapata faili dogo la .nbib. Liingize Zotero. Kwa zile moja moja, bonyeza kile kialama cha fimbo ya mchawi, bandika PMID au DOI, hata kumi kwa mpigo.

Hatua ya 5: Mwandishi au mshiriki?

Neuroimunolojia, tawi la magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu yanayotokana na kinga ya mwili, ni uwanja wa makundi makubwa. Utafiti wa jeni za multipo sklerosisi (kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo), kwa mfano, umeendeshwa na muungano wa kimataifa wa IMSGC, na makala yao ya 2011 kwenye Nature ina majina ya kujaza kurasa. Kwenye makala za namna hii PubMed hutenganisha waandishi na washiriki, na washiriki wamefichwa chini ya kiungo kinachofunguka. Wanatafutwa kwa [ir], si [au]. Jina la kundi lenyewe hutafutwa kwa [cn].

Mshiriki si mwandishi. Kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE, ina masharti manne ya uandishi, na kukusanya sampuli za damu peke yake hakuyatimizi. Ziweke makala hizo chini ya kichwa chao wenyewe, "Ushiriki katika makundi ya utafiti". Daktari anaweza kununa. Afadhali anune yeye kuliko kamati ya ufadhili igundue.

Hatua ya 6: Magonjwa yenye majina mengi, majarida yaliyobadili majina

Ukitaka kuzipanga makala kwa mada, usitegemee neno moja. Uwanja huu umebadilisha majina haraka kuliko vitabu.

Ugonjwa wa Devic ndio neuromyelitis optica, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo. Mwaka 2004 kikundi cha Vanda Lennon kilitangaza kwenye Lancet kingamwili ya ugonjwa huo, NMO-IgG. Mwaka 2005 walionyesha kwamba inashika aquaporin-4, protini ya kupitisha maji kwenye seli, na kichwa cha makala hiyo kinazungumzia multipo sklerosisi ya macho na uti wa mgongo. Mwaka 2015 vigezo vipya viliziunganisha aina zake zote chini ya jina la NMOSD. Wagonjwa wenye kingamwili dhidi ya protini nyingine, MOG, ambao zamani wengine walihesabiwa humohumo, walipata vigezo vyao wenyewe mwaka 2023. Mtafiti mmoja aliyefuatilia wagonjwa walewale kwa miaka ishirini ana makala chini ya majina matano. Ensefalitisi ya NMDA, uvimbe wa ubongo unaoletwa na kingamwili, nayo ilielezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, kwa hiyo kesi ya mwaka 1999 yenye dalili zilezile itakuwa imeandikwa kwa jina jingine kabisa. Ipange kwenye kundi lake, lakini kichwa cha makala kiache kama kilivyo.

Kwa watu wa kusini, mfano wa karibu ni konzo, ule ulemavu wa miguu wa ghafla unaotokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Maelezo yake ya mwaka 1990 kutoka Tanzania yalitoka kwenye Brain, jarida la neurolojia. Ripoti ya 2011 kuhusu konzo kurudi kusini mwa Tanzania ilitoka kwenye Food and Chemical Toxicology, jarida la sumu za vyakula. Anayechuja kwa majarida ya neurolojia ataikosa hiyo ya pili, na ndiyo inayotuhusu zaidi.

Majarida: Archives of Neurology imekuwa JAMA Neurology tangu Januari 2013. Makala ya 2008 ibaki Arch Neurol, usiifanyie usasa. Lile la chama cha neurolojia cha Marekani, AAN, lililoanza 2014 hufupishwa Neurol Neuroimmunol Neuroinflamm. Si Neurology, wala si Journal of Neuroimmunology ya tangu 1981, ingawa watu huyachanganya yote matatu kwenye wasifu.

Hatua ya 7: Yasiyo PubMed

Tafuta AJOL kwa majarida ya Afrika, Crossref kwa DOI, kisha Google Scholar. Kwa mpangilio huo. Ukianza na Google Scholar utaokota mawasilisho, ripoti za wilaya na tasnifu, vyote vikiwa vimevaa nguo za makala. Akitaka wasifu huko, kataa makala kuongezwa zenyewe. Chagua kuletewa barua pepe uthibitishe kwanza.

Jarida usilolijua, litafute kwenye katalogi ya NLM, maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, uone kama liko MEDLINE, orodha yao ya majarida yaliyochujwa. Kutokuwemo si dhambi, majarida mengi mazuri ya huku hayamo. Lakini jarida linaloahidi kukubali makala ndani ya siku tatu ukilipa, mwulize Dokta kama kweli anataka lionekane.

Hatua ya 8: Kusafisha

Zotero ina sehemu ya nakala zilizojirudia. Inakamata nyingi, lakini haiunganishi vitu vya aina tofauti: rasimu ya awali iliyowekwa medRxiv, tovuti ya rasimu za kitabibu, na makala yake ya jaridani zitabaki mbili mpaka ubadilishe aina ya moja. Baki na ya jarida.

Ikisiri za mikutano ndizo huvimbisha orodha. Za ECTRIMS, mkutano wa Ulaya wa multipo sklerosisi, hutoka kwenye nyongeza za Multiple Sclerosis Journal, za AAN kwenye nyongeza za Neurology, kwa hiyo zina jina la jarida zuri na namba ya juzuu. Zitambue kwa ukurasa: ukurasa mmoja tu, au namba yenye P au S mbele. Ziweke chini ya kichwa chao wenyewe.

Mwaka: makala iliyotoka mtandaoni Desemba 2019 na kwenye toleo Februari 2020 iandike 2020, kila mahali. Ukichanganya, itahesabiwa mara mbili kwenye jedwali la miaka.

Zotero huweka onyo jekundu kwenye makala iliyoondolewa na jarida. Usiifute kimyakimya. Mwonyeshe mwenyewe, kisha iandikwe wazi kuwa imeondolewa.

Hatua ya 9: Idadi ya kunukuliwa

Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Zikiwa 21, 14, 9, 6, 5, 3, 1, faharasa ya h ni 5, kwa sababu makala ya tano ina nukuu tano na ya sita haifiki sita. Kipimo hiki alikipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005. Google Scholar itakupa namba kubwa kuliko Scopus, hifadhidata nyingine ya nukuu, karibu siku zote. Andika chanzo na tarehe mbele ya namba, basi. Scopus ikiwa imemgawa mtu wako wasifu mbili, ambalo kwa majina yetu ni jambo la kila siku, kuna fomu ya masahihisho ya bure, haihitaji taasisi yenye malipo.

Hatua ya 10: Kutoa orodha

Chagua makala zote za Hakika, toa kwa mtindo wa Vancouver, koleza jina la mtafiti. Tenganisha makala za utafiti, mapitio, ripoti za wagonjwa, ikisiri na ushiriki. Kisha chukua ule wasifu wa hatua ya 1 na uweke alama kwenye kila mstari. Mistari itakayobaki bila alama ni ya aina mbili: makala halisi ambazo umezikosa, na makala "zilizo njiani" tangu 2016.

Hifadhi ule utafutaji wa hatua ya 4 kwenye akaunti ya My NCBI, ile ya watumiaji wa PubMed, ulete barua pepe mara moja kwa mwezi. Akihamishwa kituo au akibadili jina, hariri utafutaji huo kwanza, ndipo uguse orodha.